Kipande, Vocha na Visa: Habari za Ruhusa ya Kuingia Katika Nchi Yenye Mali



Katika mkutano mkuu uliofanyika mwanzoni mwa mwaka 2025 palizuka mabishano ambayo wengi wenu mnayakumbuka. Mbele ya mkutano lilikuwapo ombi la kijana wa mwanachama mmoja, aliyetaka kukopeshwa fedha katika mfuko wa chama apate kwenda Uingereza kufanya kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa majumbani. Wengine walisema mkopo utolewe upesi, kwa kuwa nafasi haimngoji mtu. Wengine walikumbusha mambo ya nyuma, jinsi wakala mmoja alivyokula fedha za watoto wetu wawili akatoweka, na chama kikabaki na risiti mkononi. Ndipo mzee mmoja wetu, anayekaribia miaka 90, aliyezaliwa katika laini za shamba la setla upande wa Njoro, alipoinuka akaegemea mkongojo wake na kusema: "Hiyo visa mnayoigombania ni kipande tu. Nilikiona kikining'inia shingoni mwa baba yangu." Kisha akaketi. Watu walicheka, na mkutano ukaendelea na shauri lililofuata.

Sisi tunaoshika kalamu ya chama hatukucheka sana, maana tulikuwa tukiandika. Maneno yale yalibaki katika kitabu cha kumbukumbu, na Halmashauri ilipoyasoma ilitutaka tuyachunguze na kuwaletea wanachama habari zake katika taarifa hii ya mwaka. Je, mzee alisema kweli, au alitutania? Tumesoma vitabu tulivyoweza kuvipata, tumewauliza wazee, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Yatupasa kuanza na reli, kwa kuwa mji wetu ni mtoto wa reli. Njia iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikaligusa ziwa la Nyanza mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Waliotandika reli hiyo walikuwa hasa watu walioletwa kwa mikataba kutoka Bara Hindi, wapatao 32,000. Karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi wa waliosalia walirudi kwao, na wapatao 6,700 wakabaki huku. Siku hizo upande wetu huu wa Bonde la Ufa ulihesabiwa kuwa nchi ya Uganda, na ni mwaka 1902 ndipo ulipohamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya. Hivyo mtu wa Nakuru alilala katika nchi moja akaamka katika nyingine bila ya kuvuka hata kijito.

Reli iligharimu fedha nyingi, na wakubwa wa London walitaka zirudi. Shauri lililokatwa ni kuwaita wageni waje walime kando ya reli. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1902 mgeni aliweza kununua ekari hadi 1,000, au kukodishwa shamba kwa miaka 99. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903. Mwaka huohuo Joseph Chamberlain, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, aliwaahidi Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi kwamba wangepewa nchi katika uwanda wa Uasin Gishu. Mkutano wao mkuu, uliokutana Basel mwaka 1905, ulikataa. Hao walipokataa, wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini mwaka 1908, chini ya kiongozi wao Jansen van Rensburg. Walishuka melini Mombasa, wakapanda gari la moshi hadi hapa Nakuru, wakafunga magari yao ya kukokotwa na maksai, wakapanda milima na misitu kwenda Uasin Gishu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali iliwagawia askari wa Kizungu mashamba zaidi ya 1,000, na mwaka 1919 majina yalichezewa kura huku Nairobi na kule London. Tunawaomba wazee waliangalie jambo hilo kwa makini: palikuwa na wakati ambapo ruhusa ya kuingia katika nchi hii ilitangazwa Ulaya kama bahati nasibu, na mshindi akapewa shamba.

Nchi hiyo haikuwa tupu. Bonde hili la Naivasha, Elmenteita na Nakuru lilikuwa malisho ya Wamaasai, na misitu ya juu ilikuwa na wenyewe, na nchi za jirani zilikuwa za Wanandi, Wakipsigis na Watugen. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa Bondeni, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini ya reli. Waliahidiwa kwamba hawataondolewa tena maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 walioko Laikipia wakaambiwa wahamie kusini. Walipopeleka shauri lao mahakamani, hukumu ya mwaka 1913 ilisema kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya dola na dola, na kwamba Wamaasai si raia wa Mfalme wa Uingereza, hivyo mahakama haina uwezo wa kuwasikiliza. Kwa lugha nyepesi, mbele ya sheria mwenyeji aliyezaliwa Nakuru alikuwa mgeni, na mtu aliyeshuka melini juzi ndiye mwenyeji. Tulipoyasoma hayo tuliifunga kalamu kwa muda.

Mlango huohuo haukufunguliwa kwa wote waliotoka ng'ambo. Mhindi aliyetandika reli hakuruhusiwa kupata shamba katika Nyanda za Juu. Lord Elgin, Waziri wa Makoloni, alilikubali jambo hilo mwaka 1908 kuwa ndiyo desturi ya serikali, na waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 ukalithibitisha, ingawa waraka huohuo ndio uliotamka kwamba maslahi ya Waafrika yatangulie ya wengine wote. Mhindi aliachiwa maduka ya mjini. Mwaka 1915 sheria mpya iliongeza muda wa kukodisha mashamba kutoka miaka 99 hadi 999. Tumepiga hesabu: hati iliyotolewa mwaka huo ingefikia kikomo mwaka 2914.

Sasa tufike kwenye kipande chenyewe, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno ya mzee.

Setla alipata ardhi kubwa, lakini mikono ya kuilima hakuwa nayo. Kwa upande wa pili walikuwako watu wa Kiambu, Murang'a na Nyeri waliokwisha kupunguziwa ardhi, na watu wa Nandi na Kericho waliokatiwa malisho, na kila mahali palikuwa na kodi ya kibanda na kodi ya kichwa. Wengi wakaingia Bonde la Ufa pamoja na wake zao, watoto, ng'ombe na mbuzi. Hatusemi kwamba wote walisukumwa. Wazee wetu wametuambia mara nyingi kwamba baba zao walipasikia Njoro, Molo, Subukia na Elburgon kama mtu anavyosikia habari ya nchi ya neema: udongo mweusi, majani marefu, na setla ambaye shamba lake ni kubwa mno hata hajui mwisho wake. Walipewa mahali pa kujenga, kulima na kuchunga, nao wakatoa kazi. Ndio hao walioitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwalazimisha kumfanyia setla kazi siku 180 kwa mwaka, na serikali ikashikilia kwamba skwota ni mtumishi, si mpangaji. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mpangaji ana haki katika mahali anapokaa. Mtumishi anakaa kwa sababu ya kazi, na kazi ikiisha, makao yamekwisha.

Kipande kilitungiwa sheria mwaka 1915, kikaanza kutumika kwa nguvu baada ya vita, miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alipigwa chapa za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake, kabila lake, mahali atokako, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoandikwa kazi na siku aliyoachishwa. Karatasi ilitiwa katika kikasha cha bati, na kikasha kikafungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Asiyekuwa nacho alipopatikana njiani alitozwa faini au kufungwa.

Ubaya wa kipande haukuwa kuandikwa jina, maana hata Kanisani tunaandikwa majina. Ubaya ulikuwa mahali pa sahihi. Mfanyakazi hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine mpaka yule wa kwanza aandike kwamba amemwachilia. Setla akikasirika na kuiweka kalamu mfukoni, mtu yule alikuwa mtoro mbele ya sheria, na polisi wangemtafuta kwa chapa za vidole vyake mwenyewe. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye watu waliokusanyika Nairobi kumdai walipigwa risasi, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru. Kipande kiliendelea miaka 25 baada ya siku hiyo. Mwaka 1947 ndipo ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Sisi wenyewe tunacho kimoja nyumbani, cha babu yetu mzaa baba. Kikasha kimeliwa na kutu pembeni, na karatasi ya ndani imekuwa kama jani kavu, ila chapa za vidole zingali zinaonekana. Nyanya yetu alikuwa akitia ndani yake sindano za kushonea. Hatukupata kumwuliza kama alifanya hivyo kwa dharau au kwa kuwa kilimfaa.

Mikono ilipozidi, mlango ulianza kufungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 masetla waliingia katika kazi ya kuwaondoa ng'ombe na mbuzi wa maskwota, na watu wakaiita kifagio, jina lisilohitaji maelezo. Sheria ya mwaka 1937, iliyoanza kutumiwa mwaka 1940, iliwapa masetla wa kila wilaya uwezo wa kupunguza idadi ya maskwota, mifugo yao na mashamba yao, na siku za kazi zikapandishwa hadi 240, kwingine hata 270. Katikati ya miaka ya 1940 maskwota pamoja na jamaa zao walipita watu 200,000. Baadhi ya waliofukuzwa waliwekwa Olenguruone kuanzia mwaka 1941, wakadhani wamepewa ardhi, kisha wakaambiwa kwamba wako pale kwa masharti. Walikataa kutia sahihi masharti hayo, wakala kiapo cha umoja, na kufika mwaka 1950 walikuwa wamekwisha kutolewa, wengi wakipelekwa Yatta penye ukame.

Ilipotangazwa Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, ambayo wazee wetu huiita Imajensi, Wakikuyu wapatao 100,000 walitolewa katika Bonde la Ufa na kwingineko kwa muda wa miezi michache, wakapelekwa katika rizavu. Iliitwa kurudishwa kwao. Wengi wa waliorudishwa walizaliwa Naivasha, Nakuru na Molo, na huko kwao hawakupata kukuona hata siku moja. Waliobaki au waliorejea baadaye walichukua pasi, na pasi ilieleza mahali mtu anaporuhusiwa kufika.

Yaliyofuata mnayajua, nasi tutayapita upesi. Mpaka wa rangi katika Nyanda za Juu uliondolewa mwaka 1960. Mpango wa ekari milioni moja ukaanza, na jamaa zipatazo 35,000 zikapewa viwanja kwa mkopo. Vikaja vyama na makampuni ya kununua mashamba, na wengi wenu bado mna hati za hisa zilizokunjwa katika Biblia. Mwaka 1992, mwanzoni mwa mwaka 1998, na tena mwishoni mwa Januari 2008, swali la nani mgeni na nani mwenyeji liliulizwa hapa Nakuru kwa moto na panga, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukajaa watu waliokimbia makwao. Hatutaki kuchokonoa vidonda katika kijitabu cha chama ambacho wanachama wake wanatoka pande zote. Tunasema tu kwamba swali hilo halikuanzia kwetu. Lilikuwa limekwisha kuandikwa katika hukumu ya mwaka 1913.

Tuyaache ya shamba sasa, tuingie mjini, kwenye maduka. Hapo ndipo ilipo sehemu ya pili ya habari hii, na ndipo vocha inapoingia.

Uingereza nayo ina historia yake ya milango. Kwa sheria yake ya uraia ya mwaka 1948, mtu aliyezaliwa katika koloni lolote la Mfalme aliweza kuingia London na kufanya kazi bila ya kuulizwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili mikono ilikuwa haba huko, kama ilivyokuwa haba Njoro mwaka 1910, na watu wa visiwa vya Karibi, wa India na wa Pakistan waliitikia. Walipokuwa wengi machoni pa wenyeji, ikaja sheria ya mwaka 1962 iliyotaka mgeni awe na vocha ya kazi. Mwaka 1965 serikali ya Uingereza ikaweka kikomo cha vocha 8,500 kwa mwaka. Hata hivyo, aliyekuwa na pasipoti iliyotolewa na serikali ya London yenyewe hakuguswa na sheria hiyo.

Sensa ya mwaka 1962 iliwahesabu Waasia 176,613 nchini Kenya. Tulipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wale ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili waombe uraia. Wengi hawakuomba. Wengine walisitasita, wengine waliogopa, na wengine waliamini kwamba pasipoti ya Malkia ni ngome. Ndipo mwaka 1967 Bunge letu wenyewe lilipopitisha sheria ya uhamiaji na sheria ya leseni za biashara, na asiye raia akatakiwa kuwa na kibali cha kazi, na maeneo ya kufanyia biashara yakawekewa mipaka. Lazima tuseme ukweli kwamba mlango wa kwanza kufungwa ulikuwa wetu. Tulikuwa na sababu, kwa kuwa Mwafrika alizuiliwa mno katika biashara, lakini aliyefungiwa aliuona mlango tu, sababu hakuiona.

Waasia kwa maelfu walianza kupanda ndege kwenda London. Hapo serikali ya Uingereza ilifanya jambo ambalo, kwa maoni yetu, halina tofauti na hukumu ya Wamaasai. Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, alipeleka muswada Bungeni, ukapitishwa kwa muda wa siku tatu, ukawa sheria tarehe 1 Machi 1968. Ulisema kwamba mwenye pasipoti ya Uingereza hataingia kwa haki isipokuwa yeye mwenyewe, mzazi wake au babu yake awe alizaliwa Uingereza au alipata uraia huko. Mjukuu wa Mwingereza aliyekuja Nakuru kwa kura ya mwaka 1919 aliingia. Mwana wa fundi wa reli, mwenye pasipoti ya rangi ileile na nembo ileile, alitakiwa kungoja vocha, na vocha zilizotengwa zilikuwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa nyumba. Baadhi ya watu walizungushwa kwa ndege kutoka nchi hadi nchi, kila kiwanja kikiwakataa. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba watu hao walibaguliwa kwa rangi yao, na kwamba kutendewa hivyo kulikuwa kuwadhalilisha. Mwaka 2002 ndipo Uingereza ilipowapa haki ya uraia kamili wale waliobaki bila ya uraia mwingine wowote, na wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki huku nao walipata yao: mwezi wa Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Waasia kuwa kabila la 44 la nchi hii.

Tumeieleza habari ya Waasia kwa urefu kwa sababu vijana wetu wengi huamini kwamba pasipoti na visa ni vitu vya kudumu kama cheti cha ubatizo. Sivyo. Ni ahadi ya serikali, na serikali huweza kuirudisha kwa siku tatu.

Turudi sasa kwa mzee wetu na maneno yake.

Mwezi wa Februari 2022 Uingereza iliifungua kazi ya utunzaji wa wazee na wagonjwa kwa watu wa nje, kwa kuwa mikono ilikuwa haba tena. Mtu aliingia kwa hati ya udhamini ya mwajiri mwenye leseni, na visa yake ilifungwa kwa mwajiri huyo. Akiachishwa kazi, au mwajiri akinyang'anywa leseni, kwa kawaida alipewa siku 60 atafute mdhamini mwingine au aondoke. Tarehe 11 Machi 2024 watunzaji wapya walikatazwa kwenda na mume, mke au watoto. Kisha tarehe 22 Julai 2025 kazi hiyo ikafungwa kabisa kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza.

Mtu aliyesoma habari za maskwota hawezi kuyapita mambo haya bila ya kusimama. Sahihi ya mwajiri ipo. Jamaa waliokuja na skwota, kisha wakaonekana ni wengi mno, wapo. Hata kifagio kipo. Katika hayo mzee alisema kweli, na waliocheka mkutanoni waliwahi kucheka.

Lakini tusingetimiza kazi tuliyopewa kama tungemwambia kwamba amesema kweli yote. Baba yake alivishwa kipande katika nchi yake mwenyewe, hakukiomba, na hakuwa na mahali pa kukikimbia. Kijana wetu anaomba visa, anaweza kuikataa, na kwao hakufungwi nyuma yake. Mtunzaji aliyeingia mwaka 2022, kwa sheria iliyokuwapo wakati huo, aliweza kuomba makao ya kudumu baada ya miaka 5, na skwota hakuwahi kuahidiwa hivyo hata baada ya miaka 30. Mshahara nao si wa kulinganishwa. Wapo wanachama wetu ambao nyumba zao za mawe hapa Free Area zimejengwa kwa fedha zilizotumwa kutoka ng'ambo, na karo za wadogo wao hulipwa kwa fedha hizohizo, nao hawatatukubalia tukisema kwamba watoto wao wamevaa kengele ya mbuzi. Pia zipo njia zilizo wazi. Mwezi wa Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano kuhusu wauguzi na wahudumu wengine wa afya, na muuguzi aliyesajiliwa huenda kwa masharti bora kuliko mtunzaji. Anaruhusiwa, kwa mfano, kwenda na jamaa zake.

Kuhusu kijana wetu, Halmashauri inapenda wanachama wajue yaliyotokea. Mkopo wake ulikuwa umepitishwa lakini haujatolewa, maana tulikuwa tukingoja hati ya udhamini, nayo ilichelewa wiki baada ya wiki. Mlango ulipofungwa tarehe 22 Julai, fedha zilikuwa bado katika benki. La kushangaza ni kwamba mwezi wa Agosti wakala bado alikuwa akimpigia simu baba yake na kudai malipo ya mwisho, akisema nafasi zimebaki chache. Alipoulizwa juu ya sheria mpya alisema hiyo haiwahusu watu wake. Tangu hapo simu yake haipatikani. Kijana sasa anasomea umeme katika chuo cha ufundi, na hajafurahi.

Kabla ya kupeleka makala haya kwa mpiga chapa tulikwenda kwa mzee tukamsomea, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyaanzisha. Alisikiliza amefumba macho. Tulipofika penye siku 60 alituzuia, akataka tulisome tena neno hilo. Tukalisoma. Akauliza, "Sitini, hata kama amekosana na bwana wake?" Tukamjibu kwamba ndivyo, hata kama wamekosana. Akasema baba yake alipewa mpaka jua kuchwa, na mahindi yalikuwa yamebakiza wiki mbili kuvunwa. Kisha akasema tuendelee kusoma, chai itapoa.

Kwa sasa Halmashauri inalo ombi moja jipya, la binti aliyehitimu uuguzi na kusajiliwa, ambaye ameletewa barua na hospitali moja ya Uingereza. Litasikilizwa katika mkutano wa robo ya kwanza ya mwaka. Wanachama watakaohudhuria wataletewa nakala ya barua hiyo, pamoja na maelezo kwa Kiswahili ya kifungu kihusucho mwajiri na kuachishwa kazi, ili kila mmoja ajisomee kabla ya kupiga kura.

Mwisho tunawaomba wote wenye vipande vya baba na babu zao, pasi za wakati wa Imajensi, hati za hisa za makampuni ya mashamba, au vocha na pasipoti za zamani, wavilete kwa karani wa chama siku za Jumamosi asubuhi. Vitapigwa picha mbele ya mwenyewe na kurudishwa palepale.